Bunduki Isiyojali Mtetemeko

Niliichukia ile bunduki kabla sijaielewa, na nilipoielewa nikaichukia zaidi.

Mwanangu wa mwisho alikuwa anaondoka kijijini kwetu Busunzu kesho yake kwenda jeshini. Mchana ule alikaa uani akimwonyesha bibi yake, mama yangu, video ya bunduki hiyo kwenye simu. Juu ya bunduki kumefungwa kidude kama darubini, na ndani yake mna kompyuta. Askari anamchagua mtu kwenye kioo, anavuta kifyatulio, lakini risasi haitoki mpaka kompyuta ione mtutu umemwelekea sawasawa. Mkono ukiyumba, inasubiri. Alieleza kwa furaha, utadhani anasimulia goli.

Nilimwambia azime. Hakuzima. Kwake kila kitu kipya ni maendeleo. Na hao walioitengeneza, huko waliko na chai yao, wameamua kwamba kukosa shabaha ni ugonjwa wa kutibiwa. Mimi niko hai kwa ugonjwa huo! Mama alipokimbia Burundi alikuwa amenibeba mgongoni. Askari mmoja kwenye kivuko alimlenga kwa karibu kabisa, akakosa. Mama husema alikuwa mtoto tu ndani ya magwanda, mikono inamtetemeka. Mpaka leo akisali humtaja yule askari kwanza, mimi baadaye.

Kwetu anayesafiri haondoki bila pombe ya ndizi. Mkubwa wa nyumba huonja kwa mrija, kisha humtamkia msafiri neno la kwenda nalo na kumpa kibuyu anywe. Jioni mama akaonja, lakini badala ya kutamka neno akamwuliza mjukuu wake kama na wao watapewa bunduki ile. Akajibu kwamba hajui, huenda huko mbele.

"Neno nililokuwekea lilikuwa hili," mama akasema. "Ukiambiwa uwapige watu wanaokimbia, mkono ukutetemeke. Sasa, mwana wanje, mwanangu, nikuambie nini?"

Mwanangu alianza kucheka, akaacha. Nilitaka kumfokea mtu, na wa kufokewa, walioitengeneza bunduki ile, hawakuwepo. Wapo mbali, wanalipwa vizuri, wala hawajui Busunzu iko wapi. Mama alimngoja mjukuu wake ajibu. Kisha akakiweka kibuyu chini, miguuni pake, na kukifunika kwa kiganja.

Asubuhi mwanangu aliondoka hajanywa.