Mama Mkwe, Koki na Ndoo ya Udongo

Kwa miaka thelathini na nne ya ndoa yangu, mama mkwe hajawahi kucheka mbele yangu hata mara moja.

Jumanne ile asubuhi akacheka.

Akiwa bafuni. Peke yake. Kicheko kile cha kushika mbavu.

Mimi nikiwa nje chini ya dirisha, nimeshika kopo la maji, nikajisemea: mzee, umeshinda. Mashine yako imemtoa bibi meno.

Aisee. Laiti ningejua anacheka nini.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Nimestaafu kwenye karakana ya vivuko. Nilikuwa mtunza stoo. Kuna watu wenye roho mbaya husema mtunza stoo si fundi. Lakini ukiwakabidhi mafundi spana miaka ishirini na tisa, ufundi unakuingia kupitia viganja. Mimi niliwahi kutengeneza injini ya kivuko kwa kuiangalia tu, ikaona aibu ikawaka.

Basi. Mama mkwe, bibi Wilhelmina, alikuwa anakuja kwetu Kirumba kutoka Magu. Wiki tatu, kliniki ya magoti. Na magoti yake hayataki maji baridi.

Binti yetu Queen, anayefanya kazi ng'ambo, akatutumia hiti pampu. Kwa wasioijua, ni friji iliyogeuzwa tabia: inakusanya joto la hewa, inalisukuma ndani ya tanki la maji. Unaoga maji ya moto na umeme inakula kidogo.

Queen akasisitiza kwenye simu: "Baba, aifunge fundi Nestory. Ana leseni. Wewe usiiguse."

"Sawa mwanangu," nikasema.

Nikakata simu, nikachukua sanduku langu la vifaa.

Mke wangu Teodora akanitazama kama dagaa waliooza. "Baba Queen, friji yangu uliiua wewe. Redio uliiua wewe. Sasa sikiliza: mama yangu akishindwa kuoga maji ya moto humu ndani, hilo sanduku nalibeba mwenyewe nalipeleka kwa Nestory. Moja kwa moja."

Jamani, sanduku lile! Ndilo zawadi pekee niliyopewa kazini siku ya kuagwa. Bila lile mimi ni mzee tu mwenye hadithi.

Nikala kiapo kwamba bibi ataoga maji ya moto.

Nyumba yetu iko juu kabisa kwenye mawe. Mashine ilipandishwa na vijana wanne, imelala ubavu kama mgonjwa. Teodora akasoma kitabu chake cha maelekezo: isimamishwe wima siku nzima kabla ya kuwashwa, mafuta yarudi kwenye kompresa. Nikatii. Kikasema jaza tanki kwanza, maji yatoke kwenye koki bila kukohoa, ndipo uwashe. Nikatii pia. Nataka hilo lieleweke, maana mbele huko mtanitukana.

Shida ikawa ethi.

Ethi ni ile fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini, ili umeme ukivuja ukimbilie chini badala ya kukukimbilia wewe. Sasa nyumba imekaa juu ya jiwe, utapigilia wapi? Nikapiga nyundo, cheche zikaruka. Nikapiga tena, fimbo ikapinda kama mkia wa nguruwe.

Nikakaa. Nikafikiri. Akili ya stoo ikafanya kazi.

Nikachukua ndoo ya lita ishirini, nikajaza udongo mweusi ambao Teodora aliuleta kutoka shamba la mama yake, nikachomeka fimbo humo, nikafunga waya. Nikaiweka chini ya dirisha la bafu.

Ardhi ni ardhi. Nani kasema lazima iwe chini?

Kitabu kinasema udongo wa ethi uwe na unyevu. Kwa hiyo kila asubuhi nikawa naimwagilia.

Nikawasha. Mashine ikanguruma kwa adabu. Baada ya saa kadhaa maji yakawa moto kweli!

Tatizo likabaki dogo. Kila Teodora akigusa koki ya chuma bafuni, ile breka ya usalama, inayozima umeme ukivuja, inakata. Mimi nikigusa, haikati. Mimi naoga na kandambili.

"Una mikono mibaya," nikamwambia.

"Mimi nitaoga kwa sufuria," akajibu. "Wewe na mashine yako mtaoana."

Jumamosi, saa chache kabla mgeni hajafika, nikaamua breka ile ni mbea tu. Nikaunganisha waya moja kwa moja, nikairuka. Kimya. Hakuna kukatakata tena.

Ndugu zangu, kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka wanaogopana. Hamtazamani usoni. Na habari za kuoga ndiyo kabisa, hazitajwi. Akiwa na jambo la kuniambia na Teodora hayupo, bibi Wilhelmina hulisema kwa kuku. Mimi nikiwa karibu, nasikia.

Jumapili asubuhi Teodora alishakwenda Mwaloni kwenye biashara yake ya dagaa. Bibi akatoka bafuni, akainama kwa kuku mweupe.

"We kuku. Koki ya humu ndani inanitekenya vidole."

Kichwa kikavimba! Nimefunga mashine mpaka inamtekenya mama mkwe.

Jumanne ndiyo akacheka.

Jioni ile nikashuka kijiweni kwa mbwembwe zote. Nestory alikuwepo, anakula chapati. Kijana mpole, aliyesomea kazi yake darasani, jambo ambalo sijawahi kumsamehe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, nimekupiga bao. Mama mkwe anacheka bafuni. Koki inamtekenya!"

Chapati ikasimama mdomoni.

"Inamtekenya?"

"Vidole."

"Mzee... ethi umepigilia wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Breka haikati?"

"Nimeiruka."

Chapati ikaanguka. Nestory akakimbia.

Nikacheka kwanza. Halafu nikaona anavyopanda yale mawe, miguu minne kama mbuzi, anapiga kelele: "Yuko wapi sasa hivi? Yuko wapi?"

Saa kumi na mbili jioni.

Saa ya bibi kuoga.

Nikamfuata, kandambili moja ikabaki njiani, sikuirudia.

Nilipofika uani mashine bado inanguruma. Mlango wa bafu umefungwa. Kimya. Hakuna hata mchuruziko wa maji.

"Swichi kubwa iko wapi?" Nestory akapaza sauti.

"Nyuma ya kabati, chumbani!" Akaingia ndani mbio.

Nikabaki mimi na mlango.

Miaka thelathini na nne sijawahi kumwambia mama mkwe neno moja la bafuni. Mkono umeinuka kugonga, mkono unakataa. Ulimi mzito kama nanga.

Kuku mweupe akapita.

"We kuku!" nikalia kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Mwambie mama asishike koki! Itamuua! Nimekosea mimi, mwambie nimekosea!"

Sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa.

"Kuku, mwambie nimeacha kuishika tangu Jumapili. Mimi ni mzee, si mjinga."

Nikakaa chini palepale kwenye jiwe. Machozi, jasho, sijui kipi ni kipi.

Mashine ikanyamaza. Nestory akatoka, akafungua gamba la mashine. Waya mmoja nilikuwa nimeubana kwa skrubu, ganda limechanika, chuma chote kina umeme. Kutoka hapo hadi kwenye maji, hadi kwenye koki.

"Ile breka ilikuwa inakupigia kelele, mzee," akasema polepole. "Ukaiziba mdomo."

Bibi akatoka na kibeseni cha plastiki. Kumbe siku zote tatu alikuwa anaoga maji baridi ya pipa. Na magoti yale!

Teodora alipofika akasikia yote. Akamgeukia mama yake. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungemuua kabla ya umeme."

"Na kicheko cha leo asubuhi?"

Bibi akafunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni.

"Nilikuwa nachungulia dirishani. Kila siku mkwe anamwagilia chuma. Nikasema, Mungu wangu, mwanangu ameolewa na mtu anayesubiri nondo ichipue!"

Nestory alitembea na waya mpaka bondeni kwenye migomba, kwenye udongo wa kweli, akapigilia fimbo mpya. Akabadilisha ule waya, akarudisha breka, akapima kila kitu kwa kifaa chake, ndipo akawasha. Bibi akaoga maji ya moto mpaka kliniki ikaisha.

Sanduku langu liko kwa Nestory. Huwa naenda kulisalimia.

Ninachowaachia ni hiki: breka ikikata, usiishinde, isikilize. Na ukisikia mtu anacheka nyumbani kwako, kabla hujajisifu, uliza kwanza anacheka nini.

Ile ndoo? Bibi alipanda mnyanya humo, akaufunga kwenye ile fimbo iliyopinda.

Umechipua vizuri. Namwagilia kila asubuhi.