Leo Otieno Alirusha Polepole

Jumamosi. Asubuhi ukungu, halafu jua kali.

Marafiki, leo mume wangu alitoka uwanjani bila mtu kumtoa.

Timu yetu ya kriketi ilicheza na ya Chepseon. Mume wangu, Baba Chebet, alikuwa anarudi mara ya kwanza tangu apate kiharusi, na mkono wa kushoto bado mzito. Asubuhi aliniambia, "Leo nitajua kama mimi bado ni mchezaji."

Mrushaji wao ni Otieno wa kiwandani. Mpira wake huwa hata hauonekani kwa kasi! Kila mwaka yeye na Baba Chebet hutukanana mpaka sisi tunacheka.

Leo Otieno alikuja akitembea badala ya kukimbia. Akarusha polepole, kama anamrushia mtoto wa nasari.

Baba Chebet akaupiga. Mchezaji wao akapanua miguu makusudi, mpira ukapita katikati, ukaingia kwenye shamba la chai kando ya uwanja. Mikimbio minne, yaani pointi nne kwa mpigo!

Tukashangilia wote, hata wapinzani.

Baba Chebet akabaki anamwangalia Otieno. "Na leo hunitukani?"

"Aah, mzee wangu, wewe cheza tu."

Mume wangu akaweka gongo lake la kupigia kwapani, akaanza kuondoka.

"Mzee, hujatolewa!" refa akamwita.

"Nimetolewa," akasema.

 Tulipofika nyumbani akaniuliza kama na mimi nilipiga makofi.

Nilipiga, jamani. Nilipiga kuwashinda wote.

Nyinyi mngemjibu nini? Mimi nilienda kuwasha jiko. Sasa ni saa sita usiku, wacha nilale.