Korongo Iliyokuwa Ndani ya Begi

Nichekeni tu, maana watu wote wa Kwapa wameshanicheka na bado nipo. Usiku wa kuamkia Jumamosi ile sikupata usingizi, na aibu kubwa zaidi ni kwamba kilichoninyima usingizi hakikuwa kile kilichostahili kuninyima. Nilikuwa najigeuza kitandani huku Busia nikijiuliza swali moja: niwaonyeshe watu wa Kwapa ndege gani?

Kwa asiyejua, kuna mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Unakaa chumbani, usukani mdogo uko mezani, na unazunguka dunia nzima bila kuvaa viatu. Mchezo unakuja na ndege zake, lakini sisi tuliologwa nao hatutosheki, tunatafuta ndege za kuongeza, zilizoundwa na mafundi wengine, na kila moja ina tabia zake. Mimi tangu nimalize chuo (nilisomea takwimu, msiniulize kazi iko wapi) nimekusanya nyingi, na mbili ndizo zilizo moyoni. Ya kwanza ni ndege kubwa ya abiria ambayo kila kitufe chake kinafanya kazi, hata taa ya chooni. Ya pili ni ndogo, ya injini moja, mabawa juu, inatua hata kwenye nyasi. Hiyo nimeichora korongo mkiani kwa mkono wangu, nikaibatiza jina hilohilo, Korongo.

Sasa, Anti Nabwire, dada yake baba, ameolewa Kwapa, upande wa Uganda, na huko ni mwenyekiti wa kikundi fulani. Kikundi cha nini sikuwahi kuuliza. Juma lile alinipigia simu.

"Wandera baba, mama yako anasema hautoki kwa nyumba, ni ndege tu, asubuhi ndege, jioni ndege."

Nikaona haya kidogo. "Ni kweli, Anti."

"Sasa hiyo ni aibu gani? Kikundi yetu inatafuta mtu ya kufundisha juu ya ndege! Hizo zako ziko ngapi?"

"Ni nyingi, Anti. Nyingine nilinunua, nyingine nilipewa bure."

"Eee! Mwana yangu, Jumamosi tunachagua mwenyekiti, na Mzee Ekirapa anataka kiti yangu. Anasema mimi ni ya mdomo tu. Nimewaambia nitaleta kijana ya digrii, anajua ndege kuliko mtu yote. Usiniangushe."

Hapo ndipo ningeuliza swali la maneno mawili tu: ndege gani? Lakini mimi ni mtu wa kufikiri kabla ya kuuliza, na nikishafikiri huwa siulizi tena. Nilifikiri hivi: ndege wa manyoya ni "ndege huyu", ndege ya chuma ni "ndege hii". Anti alikuwa amesema "hizo zako", hakusema "hao wako". Kwa hiyo ni za chuma, mjadala umefungwa. (Nilisahau kwamba ng'ambo ile kila kitu ni "hii": mtoto hii, baba hii, hata askofu alipowatembelea alikuwa "askofu hii". Sarufi ndiyo iliyoniponza, na Kiswahili nilikipasi vizuri sana.) Kisha nikakumbuka kwamba Tororo, mji ulio jirani na Kwapa, kuna kiwanja kidogo cha ndege, nikasema labda vijana wa huko wanataka kujiandaa na maisha. Nilipomaliza kufikiri nilikuwa na uhakika kamili.

Usiku ule basi nikaamua ni Korongo, na alfajiri nikaamua jambo lingine dogo: nisifungue laptop mapema. Nitaongea kwanza, picha niiweke mwisho, iwe kama zawadi. Uamuzi huo ndio ulionimaliza.

Nilivuka mpaka pale Malaba nikafika Kwapa nikiwa na begi langu mgongoni. Mkutano ulikuwa kanisani, na nilishangaa kidogo kuona wanafunzi wangu wengi ni wamama na wazee, lakini nikajiambia elimu haina umri. Kulikuwa pia na vikapu vimefunikwa kwa leso chini ya viti. Nikadhani ni chakula.

Anti akasimama, gauni lake la gomesi la zambarau likiwa limefungwa mshipi unaometa, akawasalimu kwa Kiteso. "Yoga! Hii ndio kijana yangu. Muulizeni yote." Akanikonyeza, akakaa mbele kabisa, na pembeni yake Mzee Ekirapa akakunja mikono kama mtu aliyekuja kushuhudia mazishi.

Nikaanza kwa sauti ya kitaalamu. Nikasema ndege yoyote, kabla hujaipenda, itazame mabawa, mkia, na uzito wake. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikasema mimi napenda ndogo kuliko kubwa, kwa sababu kubwa inakunywa sana. Wakaitikia zaidi. Mama mmoja akasema, "Kweli kabisa, na inakula pia!" Nikacheka, nikaona nimepata watu wangu.

"Na kupandisha?" akauliza mama mwingine. "Wewe unapandisha namna gani?"

"Kupandisha kunataka utulivu," nikamjibu. "Mimi napandisha kwa mkono."

Wamama wakatazamana.

"Kwa mkono?"

"Wa kulia, mama. Unavuta polepole, usiilazimishe, ukiilazimisha itakuangukia. Mwanzoni nilikuwa natoka jasho, siku hizi napandisha hata mara kumi kwa siku."

Mzee mmoja wa nyuma akavua kofia. Anti akatazama sakafu. Mimi nikadhani wameguswa.

Ndipo akasimama Mama Amoit, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya huzuni. "Mwalimu, yangu ina shida. Inazungusha kichwa hivi, inazunguka, inazunguka, halafu inaanguka."

Swali hilo, jamani, kama kuna swali ninaloliweza duniani ni hilo! Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi inapoteza nguvu ya mabawa, inaanza kujizungusha kuelekea chini. "Mama," nikamwambia, "usiogope. Watu wengi kosa lao ni kuinua pua. Wewe shusha pua! Ielekeze chini kabisa, ushikilie bila kutetemeka, halafu uiongezee nguvu."

"Kushusha pua?"

"Chini kabisa. Na hata ikianguka si mwisho. Zangu zimeanguka mara nyingi mno. Nabonyeza mahali, inafufuka, tunaanza upya."

"Inafufuka?" akauliza mchungaji, ambaye mpaka hapo alikuwa anasinzia.

"Palepale, mchungaji."

Kabla hajasema zaidi, Mzee Ekirapa akainuka. "Kijana. Hii ndege yako unapenda sana, inaitwa nini?"

"Korongo, mzee."

"Korongo ile ya kwa bendera yetu?"

"Hiyohiyo!" nikasema kwa furaha, maana nilikuwa nimeichora kwa kuiangalia bendera ya Uganda.

"Na inakaa wapi?"

"Chumbani kwangu. Lakini leo nimekuja nayo." Nikapiga begi kofi la upendo. "Imo humu."

Kelele zilizolipuka mle sijawahi kuzisikia. "Mungu wangu, kwa begi!" "Itakosa hewa!" Ekirapa akageukia watu, uso umemng'aa. "Mumesikia? Ndege ya taifa! Hiyo ni jela, na Nabwire ndio ameleta mwizi kwa kanisa! Hii ndio mwenyekiti yenu?"

Anti akasimama, na sijawahi kumwona hivyo. Mshipi wa gomesi alikuwa ameushika kwa mikono miwili. "Wandera," akasema taratibu, "fungua begi. Toa ndege ya watu."

Nikafungua. Nikatoa laptop. Nikatoa usukani. Watu wakasogea wakachungulia ndani ya begi, mmoja akalitikisa, ikadondoka chaja.

"Ndege iko wapi?"

Na hapo nikasikia "kwaa" dhaifu. Nikatazama. Mama Amoit alikuwa amefunua kikapu chake, amemshika kuku miguu, amemwelekeza mdomo chini kabisa, ameshikilia bila kutetemeka, kama nilivyomfundisha. Akanitazama kwa imani yote. "Mwalimu, nguvu naongeza wapi?"

Damu ilinishuka mpaka kwenye soksi. Vikapu. Kikundi cha wafuga kuku. Inakunywa sana. Kupandisha... ee Mola, KUPANDISHA! Kwa mkono! Mara kumi kwa siku!

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kutaja dawa yoyote na kukimbilia Malaba. Au niseme kweli. Kawaida ningehitaji usiku mzima kuchagua, lakini Anti alikuwa amesimama pale na kiti chake kikiondoka, basi nikasikia mdomo wangu unaongea bila ruhusa: "Mimi kuku sijui kabisa. Ndege zangu ni za kompyuta. Anti hajawadanganya, alisema ndege na mimi sikuuliza ndege gani. Kosa ni langu. Mama, tafadhali, mgeuze kuku."

Hakuna aliyecheka kwanza. Nikawasha laptop, maana sikujua mikono niipeleke wapi, na Korongo ikatokea kwenye kioo, taji lake la dhahabu mkiani, imesimama kiwanjani Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji ukionekana kwa mbali. Mchungaji ndiye aliyeanza, alicheka mpaka akashika mimbari. "Kwa mkono!" akawa anasema. "Kwa mkono!"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Kisha kila mtu akataka kuirusha, na Ekirapa akawasukuma wengine kando. "Mzee kwanza." Nikampandishia (samahanini, nikairusha angani), nikamwachia usukani. Akavuta kwa nguvu kama anayevuta ng'ombe. Nikasema shusha pua, mzee, shusha pua! Hakusikia. Korongo ikajizungusha, ikazunguka, ikaenda kujibamiza kwenye mwamba wa Tororo.

Anti akafuta machozi ya kicheko, akawageukia watu. "Mumeona wenyewe. Moja tu amepewa, ameua. Sasa mumpe kuku zenu zote?"

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono, na Anti akabaki na kiti chake. Mwalimu wa kweli wa kuku akaletwa baadaye, pamoja na chanjo. (Kuku wa Mama Amoit alipona, na mama mwenyewe anaapa ni ile ya kushusha pua. Sijamkatalia.) Mimi nikipita Kwapa bado naitwa Kwa Mkono, na naitika.

Juzi Anti amenipigia tena. "Wandera baba, kuna watu ya Lumino wanatafuta mtu anajua panya. Si hata wewe unatumia panya kwa kompyuta yako?"

Nikahisi akili inaanza safari yake ya kawaida: huenda, labda, lakini kama. Nikaikatisha njiani.

"Panya gani, Anti?"

"Hii ya kula mahindi."

"Hao siwajui," nikasema, na usiku ule nikalala fofofo.