Sevo ya Kilo Ishirini

Niliingia kwa dada mmoja fundi redio, Mpanda mjini, na gunia na kamba. Kwenye simu dada huyo alisema anayo sevo, kile kimota cha kugeuza magurudumu ya kigari cha rimoti, ya kilo ishirini. Akaniwekea mezani kitu kama kiberiti.

"Kilo ni nguvu, baba, siyo uzito."

Nikalikalia gunia langu. Mwanaume wa makamo akiumbuka, huagiza kikubwa. "Nipe hiyohiyo!"

"Kigari kina ukubwa gani?"

Nikaonyesha kiatu changu.

"Ya kilo tatu inakutosha, tena bei rahisi."

"Jumamosi nashindana na mwalimu mstaafu wa Nsemulwa. Yeye anayo ya ishirini!"

"Unataka gari likate kona, au mwalimu akate tamaa?"

"Vyote."

"Mimi nauza ya kona tu."