Mboga Zilizoitwa Uchafu

Kosa langu kubwa la kwanza lilinukia kivumbasi. Nilikuwa darasa la nne, nimeinama nyuma ya jiko letu kule Ikolo, nang'oa kila kilichoota bila kupandwa, na harufu ile kali ya mashina yaliyovunjika ilibaki mikononi hata baada ya kunawa kwa sabuni. Nilijiona shujaa. Mimi ni mtu ambaye mpaka leo nikimaliza kufagia nikaona jani moja limebaki, narudia uwanja mzima, roho ikinidunda kana kwamba kuna mtu ananikagua. Huenda nilizaliwa hivyo. Lakini kuziita mboga za mama yangu uchafu sikuzaliwa nako. Nilifundishwa.

Ilikuwa masika, mpunga bado mchanga na ghala tupu. Mwalimu alitangaza mstarini kwamba kamati ya afya ya kijiji itapita kila nyumba, na wenye majani kuzunguka nyumba zao watatajwa mbele ya mkutano. "Lusajo, kwenu mnafuga nyoka au ng'ombe?" aliniuliza Gwakisa, mtoto wa jirani. "Ng'ombe gani? Hayo majani wanakula wao wenyewe!" mwingine akadakia, na darasa zima likaangua kicheko. Nilicheka nao kwa woga. Siku iliyofuata, mama akiwa shambani anapalilia mpunga, niliimaliza kazi yote: mnavu, mgagani, mchunga, na mashona nguo, ambayo machanga tuliyala na yaliyokomaa mama aliyaponda akayabandika penye vidonda vyetu vya jembe. Yeye hakuwahi kung'oa kitu pale. Alichuma ncha tu, akaacha mashina machache yakomaze mbegu, na kila asubuhi alimwaga majivu ya jiko palepale, miaka nenda rudi, mpaka pakainuka kuwa kituta. Nilikiacha kituta kile kitupu kama kiganja cha mkono.

Mama aliporudi alisimama pale, jembe begani. "Nani kakutuma?" Nikamjibu, "Shule, mama." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Haikupita wiki mto ukavunja kingo. Chainizi na matembele tuliyopanda bondeni vikaoza ndani ya maji, barabara ya Matema ikakatika, na usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, hawakutufikia. Kituta cha majivu peke yake kilibaki juu ya maji, hakina kitu. Mama akachukua ungo akaenda kwa mama Gwakisa, maana kwetu mboga iliyojiotea haina mwenyewe. Mtu alichuma nyuma ya jiko la jirani bila hata kuomba. Huko nako peupe. Akaenda nyumba ya pili, ya tatu, peupe vilevile. Kijiji kizima kilikuwa kimejing'olea akiba yake kwa kuogopa kutajwa mkutanoni. Tulikula ugali na chumvi. Mdogo wangu Atupele, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya, alilisukuma tonge kwa ulimi, analia, na kila siku mkono wake ulizidi kuwa mwepesi ndani ya mkono wangu. Niliogopa kwamba nimemuua.

Maji yalipopungua mkutano ukaitwa, na nyumba yetu ikawa ya kwanza kwa usafi. "Mama Lusajo, simama tukupigie makofi," alisema mwenyekiti wa kamati. "Waambie wenzako umefanyaje." Mama akasimama, akakaza kanga kiunoni. "Ndaga fijo," akashukuru kwa Kinyakyusa, kwa upole kabisa. "Kazi ni ya mwanangu huyu. Na wewe, mwenyekiti, karibu kwetu ule. Leo tumepika usafi." Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika. Mwenyekiti akaita nyumba iliyoshika nafasi ya pili.

Atupele alipona usipa walipoanza kufika tena, na sasa ni mrefu kuliko mimi. Lakini hasira yangu haijapoa, na mwaka huu imechochewa upya. Wamekuja wataalamu na mabango yenye picha ya mgagani, wakawaketisha mama zetu kwenye viti vya plastiki na kuwaeleza faida za mnavu. Mbegu zake zinauzwa dukani Kyela mjini, ndani ya pakiti zinazong'aa. Mama alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, anafundishwa jina la mboga aliyonilea nayo. Mimi nilisimama nyuma nikingoja mtu mmoja tu aseme: tulikosea, tuliwaaibisha bure. Hakuna aliyesema. Walitugawia soda, wakapanda gari lao.

Mnavu na mgagani vimerudi nyuma ya jiko letu. Mchunga haujarudi. Uwanja wa mbele bado naufagia, na nikiona jani narudia. Nyuma ya jiko sing'oi tena kitu kabla sijamuuliza mama kinaitwaje.