Rael Ni Mwizi, na Ni Wetu

Senge Rael alinukia majani chai mabichi. Kwetu senge ni shangazi, dada ya baba, na huyu wangu alikuwa na ile harufu ya kijani, kali kidogo, inayobaki kwenye vidole vya mtu aliyeanza kuchuna kabla umande haujakauka. Ukimkumbatia uliisikia shingoni, kwenye leso, hata kwenye nywele. Kisha, mwaka nilipotimiza miaka kumi, harufu nyingine ikaanza kuifunika, harufu ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, nami nikajifunza kumnusa kabla ya kumsalimia ili nijue ni Senge yupi aliyefika. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mambo kama haya huachwa nyumbani, kwamba msichana wa familia nzuri haandiki kuwa shangazi yake alikuwa mlevi na mwizi. Naandika. Alikuwa mlevi, alikuwa mwizi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale aliowaibia.

Kwa kuchuna majani hakuna aliyemfikia. Upande wetu wa Bomet kila boma lina shamba lake la chai linaloteremka mpaka mtoni, na msimu wa mvua majirani walikuwa wakigombea Rael awasaidie. Mikono yote miwili ilifanya kazi kwa pamoja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, huku yeye anapiga hadithi na kucheka, na kikapu chake kilijaa wenzake wakiwa hawajafika katikati ya mstari. Ndiye aliyenifundisha. Alikuwa ameolewa mbali, ndoa ikavunjika, akarudi kwa Kogo, bibi yangu mzaa baba, akajengewa nyumba ya udongo nyuma ya jikoni. Watu walikuwa na maelezo mengi ya kwa nini alianza kunywa. Mimi sijapata hata moja ninaloliamini, na siku hizi sitafuti tena.

Alianza na mayai. Kisha sabuni, kisha jembe la baba, kisha kuku wa jirani aliyekuwa akilalia mayai. Halafu sweta yangu ya shule, niliyoianika juu ya ua Jumamosi na kuikosa jioni yake. Mama alinichapa kwa uzembe. Wiki mbili baadaye tulienda soko la Roret, nikaiona imevaliwa na mtoto nisiyemjua, kiraka cha kiwiko kikiwa kile kile mama alichokishona kwa uzi wa bluu kwa kukosa wa kijani. Mama yake yule mtoto alikuwa ameinunua kwa mwanamke mmoja mchangamfu mwenye mikono myepesi. Hatukuhitaji kuuliza jina. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikuwa nimewahi kuijua, hasira juu ya mtu ninayempenda, na sikujua niiweke wapi.

Sasa kuna zile sufuria. Kina mama wa kanisa letu walikuwa na sufuria tatu kubwa, kubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kuoga ndani yake, walizozinunua kwa kuchangishana miaka mingi. Hakukuwa na harusi wala mazishi yaliyopikwa bila hizo. Kogo ndiye aliyezitunza, katika stoo yake, na ilikuwa heshima kubwa kuaminiwa kuzitunza. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, shule zikiwa zimefungwa, nilimkuta Senge kwenye njia ya mtoni, sufuria zote tatu zimeingizwa moja ndani ya nyingine kichwani mwake. Alisimama. Akatabasamu.

"Chepkoech, hizi nazipeleka kwa harusi. Usimsumbue Kogo, amelala kidogo."

Kisha akatoa mandazi kwenye mfuko wa sketi akanipa. Nilijua wiki ile hakuna harusi. Nilijua Kogo halali mchana. Nilikula mandazi.

Siku nne baadaye mzee mmoja wa kijiji alifariki, na kina mama wakaja kuchukua sufuria. Nilisimama mlangoni nikiangalia mgongo wa Kogo aliyeingia stoo na kukaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alisema tu, "Hakuna." Msiba ule ulipikiwa kwenye ndoo za mabati na sufuria ndogo za kuombwa huku na huko, wageni wa mbali wakala ugali mbichi, na wote walijua ni kwa sababu ya boma letu. Siku hiyo nikamwambia Kogo nilichoona. Nilitarajia kofi. Aliniangalia tu, akasema, "Kwa hivyo na wewe ulikuwa unajua," na hilo liliniuma kuliko kofi.

Kesho yake, baada ya kunywa chai ya saa nne, vijana wa kijiji walifika na fimbo. Mmoja alibeba kibiriti mkononi bila kukificha. Senge alikuwa ndani ya nyumba yake ya udongo, mlango umefungwa. Baba yangu, kaka yake wa kuzaliwa tumbo moja, alikuwa amesimama kando ya tangi la maji akiangalia chini.

"Wacha wamchukue," alisema. "Mimi nimechoka na yeye."

Kogo hakuwa mtu mpole. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa na hasira za karibu, na majirani wengi walikuwa na ugomvi naye wa zamani. Alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi, akasimama mbele ya mlango ule.

"Mnataka kuchoma nyumba? Chomeni yangu kwanza, ndimo alimozaliwa," aliwaambia. "Lakini msifikiri namficha. Rael ni mwizi. Mmesikia? Nimesema mimi mama yake. Ameiba sufuria za kanisa, ameiba kuku wako wewe, amemwibia hata mtoto huyu sweta. Ni mwizi, na ni wetu. Hakuna atakayempiga."

Mzee Arap Bett, mzee wa kanisa, aliyekuwa amefuata vijana kwa haraka, akaona nafasi yake. Aliinua mkono akasema kwa upole kwamba ni vizuri, basi dada yetu apige magoti, tumwombee, tumsamehe, mambo yaishe. Nadhani alitegemea Kogo amshukuru.

"Yaishe vipi na hayajaanza?" Kogo alimjibu. "Umeuliza sufuria ziko wapi? Mimi sitaki aombewe leo. Nataka aseme."

Akagonga mlango kwa mwiko mpaka Senge akafungua. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akitetemeka vile mchana wa jua. Kogo hakumgusa. Alimwambia tu, "Tangulia, utuonyeshe," na Senge akatangulia, Kogo nyuma yake, kisha sisi sote, kina mama, vijana na fimbo zao, na mzee wa kanisa akijaribu kutochafua viatu.

Sufuria zilikuwa mtoni, kwa mwanamke tuliyemwita Mama Eunice, aliyepika pombe kwenye vichaka. Mbili zilikuwa juu ya moto, nyeusi kama mkaa, na ya tatu ilikuwa na mchanganyiko ukitoa povu. Mama Eunice alianza kusema kwamba yeye hakuiba, alinunua. Kogo hakumsikiliza. Alishika ile ya tatu kwa mikono miwili akaimwaga, na pombe ikatiririka kwenye matope kuelekea majini. Hapo Senge Rael alipiga magoti. Si kwa maombi. Aliinama pale mbele ya watu wote, akakinga viganja viwili, akaanza kuchota kile kilichochanganyika na udongo na kukipeleka mdomoni.

Baadhi ya vijana walicheka. Yule aliyebeba kibiriti alianza kucheka pia, kisha nikamwona akikirudisha mfukoni. Mimi sikulia. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimejiuliza Senge alinichukia kwa nini hata akaiuza sweta yangu. Pale mtoni nilielewa kwamba hakunichukia. Kilichomshika kilikuwa na nguvu kuliko mimi, kuliko Kogo, kuliko aibu. Lakini sweta yangu ilikuwa bado imeenda. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na nikiwa na miaka kumi niliyabeba yote mawili kupanda ule mlima. Watu wazima wengi ninaowajua wameshindwa kuyabeba.

Kogo aliamua adhabu mwenyewe, na kina mama wakakubali. Senge angezisugua zile sufuria kwa mchanga na jivu mpaka ziwe kama zilivyokuwa. Kisha, kila palipokuwa na harusi au msiba, angezipeleka kwa kichwa chake na kuzirudisha, na zingekaguliwa mbele yake. Mimi ningebeba vifuniko, kwa sababu niliona nikala mandazi. Tulisugua siku mbili uani, tukiwa tumekaa kwenye vigoda, mvua ikinyesha na kuacha. Mikono ile iliyokuwa ikiruka juu ya majani chai ilishindwa kushika jivu. Ili asitoroke kwenda kunywa, Kogo alimfungia kwa kufuli kila tulipomaliza.

Siku ya tatu Senge alianza kupigana na siafu ambao hatukuwaona, kisha akaanguka, akakakamaa, macho yamegeuka. Baba ndiye aliyembeba mpaka barabarani, baba yule yule aliyesema wamchukue, akikimbia na kumwita dada yake jina la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Kwenye hospitali ya Longisa daktari kijana alimweleza Kogo, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba mtu aliyezoea kunywa kila siku haachishwi ghafla nyumbani bila dawa. Angeweza kufa kwenye ile nyumba iliyofungwa. Senge aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Kogo alikwenda kukaa kando ya kitanda cha binti yake. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu yeyote msamaha kabla ya hapo, wala baada ya hapo.

"Nilikosea kukufungia," alisema. Akakohoa. "Sufuria bado utabeba."

"Nitabeba, Mama," Senge alijibu.

Na alibeba. Msimu ule wote wa mvua tulipanda na kushuka vilima, yeye na sufuria, mimi na vifuniko. Wanawake wengine walimtemea mate njiani. Wengine walimpa chai. Mwezi wa sita alianguka tena, tukamkuta amelala kati ya mistari ya chai, na Kogo alimwita mwizi, mlevi, mpumbavu, akamwogesha, akampeleka hospitalini, na Jumamosi iliyofuata akamtwika sufuria kama kawaida. Mimi nilimwambia Senge uso kwa uso kwamba nataka sweta yangu. Aliifumua moja yake ya zamani akanifumia, mikono ikiruka ruka, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine na rangi haikuwa ya shule. Niliivaa. Sikusema nimemsamehe, na Kogo hakunilazimisha kusema. Nilimsamehe mwaka uliofuata, nikiwa peke yangu, bila kumwambia mtu.

Wanaosikia hadithi hii hutaka niwaambie kwamba alipona. Aliacha, akarudia alipofariki Kogo, akaacha tena. Sasa ni mwanamke wa makamo anayeuza mboga, na nikimtembelea bado namnusa. Miaka imepita bila kusikia ile harufu ya pili. Sijui kama atakunywa kesho. Hata yeye hajui, na huniambia hivyo hivyo.

Siku hizi mimi ni mwalimu karibu na Sigowet, na majirani zangu hapa wana simu nzuri na nyumba za mawe, lakini fimbo ni zile zile. Mwaka huu Betty, mama wa wanafunzi wangu wawili, aliyekuwa akichuna majani kwenye shamba kubwa mpaka mashine za kuchunia zilipoletwa, alikamatwa akiwa na mifereji ya maji ya kijiji, vile vichwa vya chuma vya bomba, ndani ya gunia. Alikuwa akiiuza kwa wanunuzi wa vyuma ili anywe. Mkutano uliitwa, barua ikaandikwa kwamba yeye na watoto wake waondoke, na watu wakapanga foleni kutia sahihi. Kalamu ilipofika kwangu niliirudisha.

"Kwani mwalimu unatetea wezi?" mtu aliuliza.

"Mimi nataka mifereji irudi," nilisema. "Nyinyi mnataka yeye aende. Hayo ni mambo mawili."

Walinizomea. Wengine wakasema nina huruma nyingi, wao ambao hawajawahi kuibiwa na mtu wa damu yao. Mimi sikuomba Betty aachwe. Nilikwenda kwake nikamwambia kwamba ataanza na daktari, kisha atasimama mbele ya kina mama wanaopanga foleni ya maji aseme kwa mdomo wake alichofanya, kisha atachimba mtaro wa bomba jipya na mimi nitachimba naye jioni nikitoka shule. Daktari alimwona. Alisimama mbele ya kina mama, akasema, mmoja akamtupia udongo, naye akabaki pale pale mpaka mwisho. Mtaro tulianza Jumatatu. Jumatano hakutokea, nikaenda kumgongea, akanitukana matusi ya nguoni watoto wakisikia. Alhamisi nilirudi. Alitoka na jembe, hakunisalimia, tukachimba.

Barua ile bado inazunguka. Wameacha nafasi wazi kwa ajili ya jina langu, wakidhani nitachoka. Wangoje.