Nyarkoa Alitoa Shukrani Kabla ya Fedha

Jua halijachomoza sawasawa mjini Ejura, na Akua Nyarkoa tayari ni mweupe kichwani kwa unga. Anamimina mahindi ya mteja wa tatu, anaugusa mkanda kuona kama umekaza, anatega sikio. Mashine inaponguruma vizuri, uso unamchangamka.

"Hii ni yangu," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nyarkoa, mwenye umri wa miaka 43, alisaga kwenye mashine ya mtu kwa miaka kumi na miwili. Siku nzuri aliondoka na sedi 60. Nyakati za mvua hata nusu yake hakuipata. Majirani hawashangai kwamba alinunua mashine. Wanachosimulia hadi leo ni jinsi alivyoilipia.

Mashine ilikuwa mji wa Techiman, kwa Alhaji Fuseini Zakari, mzee aliyekuwa anafunga kazi ili arudi kwa wanawe Tamale. Walielewana bei kwa simu: sedi 28,000. Alhaji akataka nusu itangulie kwa simu hiyo hiyo, maana wanunuzi walikuwa wengi.

Hapo usingizi ukampaa. Jirani yake Konadu, msusi, aliwahi kutuma fedha kwa simu baada ya kuonyeshwa picha ya friza. Friza hakuiona, na namba ile haikupatikana tena. Kaka yake Nyarkoa, Yaw Donkor, fundi baiskeli, naye alikuwa na dawa yake: azifunge noti kiunoni, ndani ya kitenge, kama alivyofanya marehemu mama yao alipokwenda kununua vitunguu.

"Mama alibeba hela za vitunguu," Nyarkoa alimjibu. "Mimi nabeba miaka kumi na miwili. Nikiibiwa, utanilisha wewe na hizo baiskeli zako?"

Akampigia Alhaji, akamuuliza yeye mwenyewe anaogopa nini. Mzee akakiri anaogopa noti bandia, na zaidi ule ujumbe wa kughushi unaodai fedha zimeingia kumbe hakuna kitu.

"Kumbe tulikuwa tunaogopana," anasema Nyarkoa, akicheka. "Nilidhani mwoga ni mimi peke yangu."

Wakapatana. Angekuja na mahindi yake, ayasage kwanza. Akiridhika, Yaw abaki na mashine, wao wawili waende benki, ahamishe fedha pale kaunta na Alhaji aulizie akaunti yake papo hapo. Ndipo nati zinazoishikilia mashine sakafuni zifunguliwe.

Kosa, kama Yaw alivyoliita, lilitokea siku yenyewe. Unga ulitoka laini, na Nyarkoa kwa furaha akashusha kreti la malta alilokuja nalo kwa ajili ya aseda, kinywaji cha shukrani ambacho mnunuzi humpa muuzaji na mashahidi. Kikishanyweka, mali imeuzwa. Kwao hutolewa fedha zikishalipwa. Yeye alikitoa kabla. Alhaji, ambaye hagusi pombe, akainywa malta yake hadi tone la mwisho mbele ya majirani wawili.

"Dada, unamshukuru mtu kwa kitu ambacho hujanunua?" Yaw akamnong'oneza.

Walipofika benki, mtandao ulikuwa umekatika. Wakakaa kwenye benchi hadi mchana, foleni haisogei. Kisha simu ya Alhaji ikaita. Alikuwa mpwa wake: kuna mtu amefika nyumbani na lori na noti mkononi, anaongeza sedi 3,000.

Nyarkoa alisikia kila neno. Hakuwa na risiti wala sahihi ya mtu. Fedha zilikuwa bado zake, na mashine ilikuwa bado ya Alhaji.

Mzee akamtazama, kisha akamjibu mpwa wake: "Mwambie nimeshakunywa."

Yaw anasema mgeni aliziangalia zile chupa tupu kwenye kreti, akapanda lori lake. Alasiri mtandao ulirudi, fedha zikahamishwa, mhudumu akamwonyesha Alhaji salio lake, naye akapiga simu nati zifunguliwe.

Nyarkoa hajidanganyi. Anasema tapeli angeinywa malta, akashukuru, na bado akauza kwa mwingine. Ndiyo sababu hakutaka kuachana na benki.

"Hela yangu ilikuwa salama benki," anasema. "Lakini saa zile zote, mashine ilishikwa na chupa."

Sasa siku nzuri hubaki na sedi 150 akishatoa umeme, na amekusudia kukinunua kibanda alichopanga. Mwenye kibanda, mwalimu mstaafu, amemtaka atangulize malipo kwa simu, hati zitafuata. Nyarkoa hakubishana naye. Alimuuliza mambo mawili tu: benki yake ni ipi, na anapenda kinywaji gani.